Sista Naye Huchoka

Sisi wauguzi wa zamani tulilelewa tukiamini kuchoka ni aibu. Zamu ya usiku, wodi imejaa, sista ni mmoja: unabadilisha dripu, unapima presha, unamfariji mama aliyefiwa, asubuhi unaandika ripoti kana kwamba hukulia chooni.

Mwaka 2013 huduma za afya nchini Kenya zikagatuliwa, na malalamiko yetu yakahamia kaunti. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wa Kenya wakagoma hadi Novemba. Madai yaliyoandikwa yalikuwa mishahara na marupurupu. Yaliyozungumzwa kwenye foleni ya chai yalikuwa usingizi. Wagonjwa waliumia, hilo silifichi. Lakini wenzangu walisema "tumechoka" hadharani, bila kunong'ona. Anayetaka muuguzi mpole aajiri wa kutosha kwanza.