Kiraka cha eshapema: historia ndogo ya barabara ya Kasongo–Kabambare



Kwenye ukurasa huu tumezoea historia ya wakubwa: Tippu Tip, Dhanis, Mobutu. Leo naleta historia ya bomba. Ndiyo, bomba la moshi la gari, lile mashofere wetu wanaita eshapema. Mimi ni mtu wa kilimo, si mekanisie. Lakini mpunga na karanga hazitembei kwa miguu. Zinapanda kamio ao pikipiki, na chini ya hiyo kamio kuna bomba lenye viraka vitatu ao vine. Wengi wakiona kile kiraka wanacheka, eti "ni umasikini wa Maniema". Mimi naona ni hati ya historia. Tuisome pamoja.

Kwanza, juu ya nini bomba linaoza? Si matope ya nje tu. Ukichoma litre moja ya esanse ndani ya mota, inatoka karibu litre moja ya maji, ila yanatoka kama mvuke. Mota ikipata moto wa kutosha, mvuke unaenda zake. Lakini gari la safari fupi fupi haliwahi kukausha bomba lake: maji yanabaki ndani na kula chuma pole pole. Mazutu yenye salfa nyingi inaongeza asidi juu ya yale maji. Kwa hiyo siku unaona tundu nje, ndani kumekwisha kuoza zamani. Tatizo hili liko Ulaya, liko Marekani, ambako ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza kelele ya mota mwaka 1897. Tofauti ni moja: kule bomba likioza wananunua lingine. Huku kwetu wanaliamsha.

Kuamsha chuma si kazi mupya katika sehemu hizi. Kabla ya gari, mfua chuma na mivukuto yake alikuwa mtu wa heshima. Jirani zetu Waluba wanasimulia mpaka leo kwamba Kalala Ilunga, mwanzilishi wa ufalme wao, ndiye aliyeleta elimu ya kufua chuma. Jembe likiisha lilirudi motoni, likatoka kisu. Hakuna aliyetupa chuma.

Halafu zikaja njia za kutoa mali. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kutoka ziwa Tanganyika. Livingstone alikaa pale mwaka 1870 akiugua vidonda vya miguu. Kasongo ikawa makao makuu ya Tippu Tip. Pembe za ndovu zilitoka kwa vichwa vya watu. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis likachukua Nyangwe, halafu Kasongo, na bendera ikabadilika. Lakini angalia: mwendo wa mali haukubadilika. Ulibaki ule ule, kutoka ndani kwenda nje.

Mwaka 1910 reli ya Kindu–Kongolo ikaisha. Ilipita ngambo ya pili ya Lualaba, si mjini Kasongo, basi mtu wa Kasongo alipaswa kuvuka mto ili aone treni, na mtu wa Kabambare alikuwa mbali zaidi. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ikaleta kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya majimbo ya kwanza kulimishwa pamba. Wazee wanajua neno pamba lilimaanisha nini: fimbo na gereza. Mwaka 1920 ikaundwa Cotonco, kampuni kubwa ya pamba. Barabara nyingi za vijijini zilichimbwa kwa mikono ya wakulima wale wale, ili pamba ifike kiwandani. Ndiyo maana nasema kamio ilipofika kwetu ilikuta barabara imekwisha kupewa kazi yake: kutoa. Piesi za kamio zilikaa katika depo za makampuni na misioni. Mkulima hakuwa na kazi nazo.

Depo zile zilidumu mpaka tarehe 30 Novemba 1973. Siku ile Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa na biashara za wageni zinapewa Wazaire. Kwa maneno ilikuwa haki, tuseme ukweli: mali ilitoka kwetu miaka mingi. Lakini wengi waliopewa duka waliuza kilichokuwa ndani na hawakuagiza kingine. Mwaka 1976 serikali ikarudi nyuma, ikaita wenyewe wa zamani, wengi hawakurudi. Kamio zikabaki, piesi zikakatika. Hapo ndipo fundi wa nyumbani akawa mtu wa lazima. Watu wakapenda kusema "Article 15", yaani jitegemee, kwa mzaha wenye uchungu. Halafu vita vya 1996, na ile ya 1998 mpaka 2003, vikafunga hata njia yenyewe. Mizigo ikasukumwa kwa baiskeli. Pikipiki zimekuja baadaye, na nazo zina bomba, nalo linaoza.

Sasa tulale chini ya gari tuone elimu iliyozaliwa pale. Fundi anaanza kwa kugonga bomba na kinyundo. Penye sauti kali chuma ni kizima. Penye sauti nzito kimeoza. Anakwangua kutu kwa burashi ya waya mpaka chuma cheupe kionekane. Kama tundu ni dogo na hakuna moto wa umeme, anakata kopo la maziwa ya unga, analizungusha mara mbili juu ya tundu, anakaza kwa waya. Kati ya kopo na bomba anapakaa udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchanganywa na majivu. Yule udongo si bahati nasibu. Unavumilia moto, na katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati ndio walijengea matanuru ya kuyeyusha chuma. Kiraka cha namna hii kinaishi majuma machache tu, kwa sababu bati la kopo ni jembamba. Kama kuna mashine ya kuchomelea, anakata kipande cha bomba la zamani chenye unene wa kutosha na kukishika kwenye chuma kizima pande zote mbili. Ukichomelea juu ya kutu, moto unatoboa tundu kubwa kuliko lile la kwanza.

Mtu anaweza kuniuliza: basi tusifu viraka mpaka lini? Swali ni zuri, maana kuna jambo la kifo hapa. Moshi wa mota una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba likitoboka chini ya kabini, shofere anaumwa kichwa, anasinzia, na huku nyuma kuna mama na watoto juu ya magunia. Njia ya Luama haisamehe mtu anayesinzia. Basi kiraka kibovu si aibu tu, ni hatari. Usiwashe mota ndani ya nyumba iliyofungwa. Gari lisimame juu ya magogo, si juu ya kriki peke yake. Usichomelee karibu na tanki la mazutu, na mabati yenye zinki yakae mbali na moto wa kuchomelea, maana moshi wake unaleta homa. Safari ikianza, dirisha liwe wazi.

Hapo ndipo deni letu sisi wenye licence linapoonekana. Kwa miaka hamsini wale mafundi wamebeba kazi ambayo makampuni na serikali waliiacha, na hakuna aliyewaandikia hata ukurasa mmoja. Elimu yao inapita kwa mdomo, kutoka kwa Papa fundi kwenda kwa kijana anayemshikia funguo, na fundi akifa inaenda naye. Sisi tunaandika memwari juu ya mavuno, tunahesabu magunia shambani, halafu tunasahau kuuliza magunia yalifikaje sokoni. Mwanafunzi wa historia, wa fizikia, wa kilimo: memwari yako inayokuja inaweza kuanza chini ya kamio. Chukua daftari, uliza kwa heshima, andika udongo gani, chuma gani, kinadumu muda gani. Barabara yetu ilichimbwa ili itoe tu. Elimu ya wale walioishika isitoke bila kuandikwa.