Mpagazi wa joto: AC ya greda na njia ya zamani ya Tabora

Oktoba mwaka juzi kaka yangu alikuwa opereta wa greda kwenye barabara ya vumbi kusini mwa Tabora. Greda lenyewe lina kebini ya vioo pande zote, na lina AC. Shida ni kwamba AC ilikuwa inapoza asubuhi tu. Ikifika saa nne inaanza kutoa hewa ya moto. Mafundi wa saiti wakajaza gesi, hakuna mabadiliko. Wakajaza tena, ndiyo kwanza ikaanza kukata saa tatu.

Mwishowe akaletwa fundi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Inakataa saa ngapi?"

"Sasa hivi saa tatu. Zamani ilikuwa saa nne."

"Na alfajiri inapoza?"

"Alfajiri inapoza vizuri tu."

"Basi usiniambie habari za gesi. Nifungulie huku nyuma."

Kaka aliponisimulia nilicheka, maana saa hizo nilikuwa nimezikuta sehemu nyingine kabisa: kwenye historia ya misafara. Makala hii ni ya kueleza kwa nini lile swali la saa lilikuwa swali sahihi.

Saa za wapagazi

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya bara. Msafara ukitoka Bagamoyo ulipita Ugogo ukafika Unyanyembe, na hapo njia iligawanyika: moja magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wameshatulia. Mizigo yote, pembe za ndovu, vitambaa, shanga, ilibebwa na watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, wakati mwingine zaidi.

Watu hawa hawakutembea kutwa. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla ya adhuhuri, kwenye saa tano hivi. Wazungu wengi waliosafiri nao walilalamika kwamba wapagazi ni wavivu, lakini hebu fikiria kisayansi. Mwili unaofanya kazi nzito unazalisha joto, na joto hilo lazima litoke. Alfajiri hewa ya nje ni ya baridi, kwa hiyo joto linatoka kirahisi. Jua likipanda, tofauti kati ya mwili na hewa inapungua na linabaki jasho peke yake. Wapagazi walijua mwili unashindwa saa ngapi, na walitua mzigo kabla ya saa hiyo. Hata tembe za huku, zenye kuta nene za udongo na paa bapa la udongo, kama ile ya Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, zilijengwa na watu waliolijua jua la Unyamwezi.

AC haitengenezi baridi

Sasa turudi kwenye greda. Watu wengi tunadhani AC inatengeneza baridi. Hapana. AC inabeba joto kutoka ndani na kulitua nje, yaani ni mpagazi. Anayebeba ni ile gesi. Kwenye mashine nyingi za leo ni R-134a, ambayo kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri.

Safari yake ina vituo vinne. Ndani ya kebini, kwenye evapareta, inafika ikiwa kimiminika baridi, inachemka, na katika kuchemka inapokea joto la kebini. Kompresa inaivuta na kuigandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje. Kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta ndogo, feni inapuliza hewa, joto linatuliwa nje, na gesi inarudi kuwa kimiminika. Halafu inapita kwenye valvu nyembamba, mgandamizo unashuka ghafla, inapoa, na inaanza upya.

Angalia kituo cha kondensa. Joto linatoka pale kwa sababu gesi ni ya moto kuliko hewa. Saa kumi na mbili asubuhi tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo hata kondensa iliyoziba nusu inamudu. Saa nne tofauti imepungua, joto halitoki, mgandamizo unapanda, na swichi ya usalama inazima kompresa ili bomba lisipasuke. Ndiyo maana fundi aliuliza saa. Alipofungua wavu wa nyuma alikuta kondensa imevaa koti la vumbi jekundu lililochanganyika na mafuta na nyasi.

Na kwa nini kujaza gesi kuliharibu zaidi? Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara wa Tabora viliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley alilazimika kuzungukia kusini. Njia ya mbele ikifungwa, kuleta wapagazi wengine kutoka pwani hakusaidii, kunaongeza msongamano tu. Gesi nayo haikuwa pungufu, ilikosa pa kutulia mzigo. Ilipoongezwa, mgandamizo ulifika kwenye kikomo mapema zaidi, saa tatu badala ya saa nne.

Fuata njia, kituo kwa kituo

Fundi wa kweli anaifuata safari ya joto tangu mwanzo.

Kwanza, je, hewa inatoka kwenye matundu? Kama haitoki au ni kidogo, tazama fyuzi, feni na filta ya kebini kabla ya kugusa kitu kingine.

Pili, hewa inatoka lakini ni ya moto. Zima injini, kagua kondensa. Ipulize kwa upepo wa wastani, kinyume na upande hewa inakoingilia. Upepo mkali unakunja mapezi yake.

Tatu, tazama mkanda wa kompresa, na kama klachi yake inanasa.

Nne, ndipo zije geji. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua, na gesi haiishi kama mafuta ya kula, imevuja. Tafuta alama ya mafuta kwenye maungio. Upande wa juu ukipanda mno, joto halitoki au gesi imezidi. Pande zote zikikaribiana huku injini inanguruma, kompresa haisukumi.

Tano, wengi wanaisahau: valvu ya hita. Ikikwama wazi, maji ya moto ya injini yanapita kebini, na AC nzima kabisa inapigana na jiko.

Nani ana haki ya kutua mzigo?

Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, ili unyevu usiharibu karatasi. Ulitengenezwa kwa ajili ya kazi, starehe ya mtu ilikuja baadaye. Mwaka 1947, Waingereza walipoleta matrekta ya mradi wa karanga, Urambo ikiwa moja ya maeneo yake, hakukuwa na kebini ya AC. Dereva alikula jua na vumbi, na mwaka 1951 mradi ukatupwa.

Leo bado nasikia mabosi wa saiti wakisema AC ni anasa. Lakini mpagazi wa 1860 aliweza kutua mzigo saa tano. Opereta wa leo amefungiwa kwenye vioo mpaka jioni. Akifungua mlango anapata vumbi, akifunga anapikwa. AC ndiyo inayolipia zile saa alizonyang'anywa.

Na hiyo gesi inayojazwa ovyo haipotei bure. Kilo moja ya R-134a ikivuja, inaongeza joto la dunia sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kupunguza gesi za aina hiyo. Kila unapojaza bila kutafuta tatizo, unalipokezana joto na mjukuu wako.

Kondensa ya kaka ilisafishwa kwa saa moja, gesi iliyozidi ikatolewa kwa mashine ya kuikusanya, na siku hiyo AC ilipoza mpaka jioni. Sasa anaipuliza kila Jumamosi. Ya kwako ikikataa, kabla ya kumwita mtu wa gesi, kumbuka kwanza: inakataa saa ngapi?