Kengele Isiyosikilizwa



Askari yeyote anafahamu kwamba lindo halina maana iwapo mlinzi anapiga kelele na kikosi kinaendelea kulala. Huko Singapore, tarehe 20 Aprili 2004, ukweli huo ulithibitishwa kwa damu.

Kando ya barabara ya Nicoll Highway lilikuwa likichimbwa shimo la kina cha mita 30 na zaidi, kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi. Kuta zake zilitegemezwa kwa mihimili ya chuma, na vilitegwa vipimo vya kuonyesha jinsi kuta hizo zinavyopinda. Vipimo vilitimiza wajibu wake. Lakini kuta zilipovuka kiwango kilichowekwa, hesabu zilifanywa upya na kiwango chenyewe kikapandishwa, huku kazi ikiendelea. Asubuhi ya siku hiyo vyuma vilianza kupinda. Alasiri shimo likaporomoka pamoja na barabara, na wafanyakazi 4 wakapoteza maisha.

Tume ya uchunguzi iligundua makosa ya usanifu, na kwamba dalili za hatari hazikushughulikiwa ipasavyo.

Siku hizi mitambo hujipimia yenyewe usiku na mchana, na hupeleka onyo mara kiwango kinapovukwa. Hilo ni jema. Hata hivyo, mtambo hauna mamlaka. Aliye zamu lazima apewe uwezo wa kusimamisha kazi na kuwatoa watu shimoni bila kungoja ruhusa ya wakubwa. Hapo ndipo kengele itakapookoa maisha.