Skuli, Shule na Ishuri: Historia ya Neno Moja Mpakani Bugeshi

Makala haya yanadai kwamba historia ya utawala imeacha alama katika ngeli za nomino. Neno la Kiingereza school liliingia Zanzibar kwa umbo la skuli. Tanganyika ikapokea shule kutoka Kijerumani. Yote mawili yamo katika ngeli ya I-ZI: shule nzuri, shule nyingi. Rwanda, iliyotawaliwa na Wajerumani hadi 1916, ina ishuri. Kinyarwanda kimeliweka katika ngeli ya tano, wingi wake amashuri. Ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Kongo, wengi husema masomo, wakimaanisha mahali na pia kinachofundishwa hapo.

Mwanafunzi wa Bugeshi, wilayani Rubavu, yumo katikati ya mifumo hiyo. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Sarufi hapo imekuwa suala la sera: anayesahihishiwa mashule bila kuelezwa upatanisho wa ngeli hukariri tu. Tunapendekeza vitabu vilinganishe waziwazi ngeli za Kinyarwanda na za Kiswahili, kuanzia somo la kwanza.