Mlango wa Jamaa

Sheria ya dawa za kulevya ya Falme za Kiarabu ya 1995, iliyotumika Dubai pia, ilimfunga mtumiaji miaka isiyopungua 4, ikamsamehe aliyejipeleka mwenyewe kutibiwa. Lakini uraibu huteka kwanza hiari. Msamaha ule ulimngoja asiyeweza kuja. Marekebisho ya 2016 yakapunguza kifungo na kuwafungulia jamaa mlango, na sheria ya 2021 ikaendeleza: mke, mume au ndugu wa karibu akimwombea mtumiaji matibabu kabla hajakamatwa, mtumiaji hashtakiwi. Wapo wasemao kumwombea hivyo ni kumuuza ndugu. Aibu ni nzito, nakiri, na woga wa aishiye huko kama mgeni ni mzito zaidi. Hata hivyo kumficha ndiko kunakomwachia polisi. Jamaa mlioko Dubai, watangulieni.