Kungojea Kisu cha Tabibu

Katika miaka ya 390 baada ya kuzaliwa Kristo aliishi katika nchi ya China kijana mmoja mkulima, jina lake Wei Yongzhi. Watu wa kwao walikuwa mafukara, naye alilima kwa mikono yake mwenyewe, na kusoma alipenda sana. Alizaliwa hali mdomo wake wa juu umepasuka. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alisikia kwamba kwa liwali wa jimbo la Jingzhou yuko tabibu ajuaye kuutengeneza mdomo wa namna hiyo. Hakuwa na masurufu ya safari; akawaaga jamaa zake, akachukua mchele, akashika njia ya magharibi. Alipofika alibisha mlangoni mwenyewe, pasipo mtu wa kumpeleka mbele. Liwali akazungumza naye, akapendezwa na moyo wake, akamwita tabibu. Tabibu akasema kwamba mdomo waweza kukatwa na kuungwa, ila sharti mgonjwa anywe uji tu kwa siku 100, asiseme wala asicheke. Kijana akajibu kwamba hata angalitakiwa kunyamaza nusu ya maisha yake angalikubali, sembuse siku 100. Akapewa nyumba ya peke yake, akafumba kinywa, akanywa uji mwembamba hata akapona. Baadaye naye akawa liwali wa jimbo lile lile.

Habari hii imo katika tarikh ya wafalme wa Jin, nayo ni miongoni mwa habari za kale mno tulizo nazo juu ya upasuaji wa mdomo. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa katika chuo cha ualimu, nikaipenda kwa ajili ya ule ushujaa wa kunyamaza. Niliporudi kuisoma nilikuwa baba wa mtoto mwenye mdomo kama ule, na ushujaa wa Wei haukunishangaza tena kama kwanza. Nilijiuliza neno jingine: Ni nani aliyemlisha hata akafika miaka 18? Mwandishi wa tarikh hakusema.

Msomaji asidhani kwamba swali hilo ni dogo. Mtoto mchanga hunyonya kwa kufumba midomo na kuziba kinywa kwa kaakaa, kisha huvuta. Ikiwa mdomo umepasuka na kaakaa nalo limepasuka, hewa hupita kila upande, kama mtu avutaye maji kwa mrija uliotoboka. Titi limejaa, mtoto ana nguvu, na bado maziwa hayaji. Na yakija hutokea puani. Katika zama ambazo hapakuwa na chupa wala kliniki, hapana shaka watoto wengi walikufa kwa njaa mikononi mwa mama zao, wala hawakuandikwa katika kitabu cho chote. Kila aliyefika mbele ya tabibu akiwa kijana alikuwa amekwisha kuokolewa mara moja nyumbani, kwa kijiko.

Ajabu nyingine ni jina. Wachina waliuita upungufu huu kwa jina la sungura. Wafaransa walisema mdomo wa sungura. Waingereza vivyo hivyo. Nasi katika Kiswahili twasema mdomo wa sungura. Jina kama hilo lina madhara yake, kwani watu wakisikia sungura humtafuta sungura. Huko Ulaya walidhani kwamba mwanamke mja mzito aliyekatiza njia ya sungura atazaa mtoto wa namna hiyo. Watu wa Mexico ya kale waliogopa kupatwa kwa mwezi. Kwetu nako maneno hayakukosekana. Lakini sitayaandika, kwa kuwa yalisemwa na watu ninaowapenda. Yatosha kusema kwamba katika maneno yote hayo, ya Ulaya na ya kwetu, mwenye kulaumiwa alikuwa mama.

Wenye elimu ya viumbe wametuonyesha kwamba uso wa mtoto tumboni hukua kwa vipande vinavyosogeleana na kuungana. Mdomo huungana kati ya juma la nne na la saba la mimba, na kaakaa kati ya la sita na la tisa. Wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kwamba wana mimba. Pengine sababu ni urithi, pengine ni jambo jingine, na aghalabu haijulikani kabisa.

Sasa turudi katika historia ya kisu. Ambroise Paré, tabibu wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, alieleza jinsi ya kuchubua kingo za mdomo, kupenyeza sindano katika pande mbili, na kuizungushia uzi juu yake kama tarakimu ya 8. Kwa kaakaa hakuwa na kisu. Alitengeneza kifuniko cha dhahabu au fedha cha kuziba tundu. Basi mdomo ulikuwa na tumaini tangu kale, lakini kaakaa lilingoja miaka mingi zaidi, na sababu yake ilikuwa maumivu. Mdomo waweza kushonwa upesi huku mtoto ameshikwa kwa nguvu. Kaakaa liko ndani. Mgonjwa hana budi kukaa ameachama, asijitikise, asilie, na damu inamwendea kooni. Ni mtoto gani awezaye kufanya hivyo?

Kwa hiyo wa kwanza kutengenezwa kaakaa walikuwa watu wazima. Mwaka 1819 kijana wa Canada, John Stephenson, aliyekuwa akijifunza utabibu huko Paris, alikubali kushonwa kaakaa lake na Philibert Roux, naye hakunusishwa dawa yo yote, maana ilikuwa haijapatikana. Mwaka uliofuata, alipotakiwa kuandika tasnifu yake katika chuo cha Edinburgh, alieleza upasuaji wa kaakaa na habari zake mwenyewe humo. Akarudi Montreal, akawa mmoja wa watu wanne walioanzisha shule ya utabibu ambayo baadaye iliingia katika Chuo Kikuu cha McGill, akafundisha. Nampenda sana mtu huyu. Alingoja zaidi ya miaka 20 apate sauti, na alipoipata aliitumia darasani.

Etha ilitumiwa mbele ya watu huko Boston mwaka 1846, na klorofomu ikafuata Edinburgh mwaka 1847. Tangu hapo mtoto aliweza kulala wakati wa kukatwa, lakini hatari nyingine ilibaki: damu na mate kuingia katika mapafu ya mtoto aliyelala, tena kinywa hicho hicho kinachopasuliwa ndicho njia ya pumzi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ivan Magill wa Uingereza, aliyekuwa akiwalaza askari waliojeruhiwa nyuso, alistawisha njia ya kupitisha mpira hata ndani ya koo, hewa ikaenda salama huku daktari akifanya kazi yake. Askari wale ndio waliowafungulia watoto njia.

Naeleza mambo haya kwa kirefu kwa sababu yalinigusa nyumbani kwangu. Binti yetu alizaliwa wakati wa masika. Mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini siku ya tatu, na wageni walipobisha hodi alimfunika mtoto uso kwa leso. Mke wangu hakusema neno. Alikamua maziwa yake katika kikombe, akachemsha kijiko, akamketisha mtoto wima mapajani, akamnywesha kidogo kidogo; kisha akampiga mgongoni taratibu hata abeue, maana mtoto wa namna hii humeza hewa nyingi. Mlo mmoja ulichukua muda wa saa nzima, na kabla vyombo havijakauka mwingine ulikuwa umewadia. Nyanya yake mtoto akatazama siku mbili. Siku ya tatu akakitwaa kijiko. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa kazi hiyo, na leso ilirudi begani mwake.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wengi iliandikwa mwaka 1966 na madaktari wawili wa Marekani, Wilhelmsen na Musgrave: mdomo utengenezwe mtoto akiwa na majuma 10, uzito wa ratili 10, yaani kama kilo 4 na nusu, na himoglobini ya gramu 10 katika desilita moja ya damu. Nikaibandika kanuni hiyo ukutani. Kila Jumamosi tulimpima katika kliniki, nami nikachora mstari kama niwafundishavyo wanafunzi wangu. Mstari ulipanda, ukalala, ukapanda tena. Hatimaye tulipanda basi la usiku tukaenda hospitali. Daktari akamwekea chombo kifuani, akasikiliza, akasema ana kikohozi, turudi baada ya majuma matatu. Nilikasirika sana. Nauli ilikuwa imekopwa, na ruhusa ya kazini nilikuwa nimeiomba kwa shida. Katika basi la kurudi ndipo nilipomkumbuka Magill na mpira wake, nikaelewa kwamba kifua kibaya ndicho mlango ambao kifo huingia kwao. Hasira haikuisha, lakini ilipungua.

Upasuaji wenyewe hatukulipia. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ina mizizi mizuri: shirika la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 kupeleka madaktari kwa ndege katika hospitali za mbali, liliasisiwa na Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wote watatu walikuwa mabingwa wa kurekebisha maumbile kwa kisu. Chama cha Smile Train, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1999, kilishika njia ya kuwafunza na kuwasaidia madaktari wa nchi zenyewe. Ila nauli, na siku zisizo na mshahara kwa wasio walimu, na usingizi wa kina mama, hivyo vyote hubaki kwa wenye mtoto.

Usiku mmoja nilimsomea mama mkwe habari za daktari Millard, aliyekuwa na jeshi la Marekani huko Korea. Alizitazama picha za mtoto mmoja hata akatambua kwamba karibu nyama yote ya mdomo ipo, ila imevutwa mahali pasipo pake. Kazi ya kisu ni kuizungusha na kuirudisha kwao. Alieleza njia hiyo mbele ya wenzake huko Stockholm mwaka 1955, nayo ikaenea duniani.

Bibi yule akaniuliza, “Mwalimu, wasema hakupungukiwa kitu?”

“Kidogo sana, mama. Vimekaa mbalimbali tu.”

Akamtazama mjukuu wake kitambo kirefu, kisha akaniambia nizime taa, mtoto amelala.

Mdomo ulishonwa tuliporudi mara ya pili, na leo kovu lake ni jembamba kama uzi. Kaakaa bado. Madaktari wamebishana miaka mingi juu ya wakati wake: ukiharakisha, taya la juu huenda likadumaa; ukikawia, mtoto hujifunza kusema vibaya, na ulimi uliozoea hauachi upesi. Siku hizi wengi huchagua kabla ya miezi 18. Binti yetu ana miezi 11, na siku yake imekwisha kuandikwa. Hawezi bado kuzuia pumzi kinywani, basi herufi b humtoroka kupitia puani ikawa m. Ananiita baba nikirudi kutoka shuleni, na mama yake huitika.