Orodha ya Ntare na Watoto wa Nakivale

Ni shule chache sana zilizowasomesha marais wa nchi mbili jirani, na moja iko katika mji wa Mbarara, Uganda. Ntare School, iliyofunguliwa mwaka 1956 chini ya Mskoti William Crichton, ilimlea Yoweri Museveni, aliyeshika madaraka Uganda Januari 1986, na Paul Kagame, rais wa Rwanda tangu mwaka 2000. Alipita hapo pia Eriya Kategaya, rafiki wa Museveni tangu utotoni, aliyekuja kuwa naibu waziri mkuu. Mjini humohumo Mbarara High School, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1911, ilimsomesha Fred Rwigyema, kamanda wa vita ya msituni iliyomweka Museveni madarakani na baadaye naibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Wenyeji huyataja majina haya kwa fahari, kama ushahidi wa walimu hodari na nidhamu ya bweni. Walimu hao wanastahili sifa yao. Lakini orodha hii inathibitisha zaidi jambo lisilosemwa sana: kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtoto wa mkimbizi, mwenye akili na asiye na kitu, aliweza kutoka kambini akaketi dawati moja na watoto wa Ankole, eneo lenyewe la Mbarara.

Kagame na Rwigyema walizaliwa Rwanda mwaka 1957, wakavushwa mpaka wangali wadogo kwa sababu ya mauaji na uchomaji wa nyumba ulioanza mwaka 1959. Wote wawili walikulia Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nshungerezi. Kambi ya Nakivale, ambayo nitairudia, haikuwa yao, ila ilifunguliwa miaka ileile kwa ajili ya watu walewale waliokimbia balaa lilelile. Kagame alisoma shule ya msingi ya Rwengoro, akafaulu vizuri, na alama zile ndizo zilizomfikisha Ntare. Hakumalizia hapo, masomo ya sekondari aliyakamilisha katika shule ya Old Kampala. Jambo hilo halipunguzi uzito wa hoja, kwa kuwa kilichobadili maisha yake ni kuingia.

Atatokea wa kusema kwamba Kagame na Rwigyema walijulikana kwa bunduki, si kwa vitabu. Ni kweli kwamba wote wawili walikuwa katika kikosi kidogo cha Museveni kilichoshambulia kambi ya jeshi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981. Hata hivyo, vijana wawili wa kambini wasingefika kwenye kikosi kile kama wasingekwisha kuwa na lugha, marafiki na upeo wa siasa ambao shule za Uganda ziliwapa. Pingamizi zito zaidi ni la anayeuliza kama kumsomesha mkimbizi si kuandaa vita, maana Oktoba 1990 Rwigyema aliongoza jeshi kuingia Rwanda, akafa siku ya pili. Mimi naisoma historia hiyo kinyume. Mwaka 1982 maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa katika mashamba yao Ankole, wengine wakasukumwa hadi makambini, wengine hadi mpakani. Mwaka 1989 Rwigyema mwenyewe aliondolewa katika unaibu waziri huku minong'ono ya ugeni ikizidi. Kwao Rwanda, serikali ilikuwa ikidai nchi imejaa. Elimu haikuwafunza kupigana. Walipigana kwa sababu baada ya elimu hawakuachiwa mahali pa kuwa raia.

Kuna doa jingine katika orodha hii, nalo ni kwamba majina yote ni ya wanaume. Winnie Byanyima, mzaliwa wa Mbarara aliyeongoza Oxfam International kisha UNAIDS, alisoma shule ya wasichana ya Namagunga, mbali na kwao. Ntare ni ya wavulana, na msichana wa kambini alikuwa na njia nyembamba kuliko kaka yake.

Leo Nakivale, iliyo katika wilaya ya Isingiro, ina Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Kiswahili kinawaunganisha sokoni, Kiingereza kinawasubiri darasani, na kijana aliyesoma kwa Kifaransa huko Kivu mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini akae na watoto. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Juu ya hapo inamhesabu kama wageni wengine. Kwa hiyo mtoto anayefaulu darasa la saba leo hukwama kwenye ada, palepale Kagame alipovukia. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, humpeleka mkimbizi chuo kikuu, lakini ni yule tu aliyekwisha kumaliza sekondari. Waliosoma Ntare wapo katika serikali na biashara za nchi mbili, na wana chama chao. Wangeweza kulipia kila mwaka nafasi za bweni kwa wavulana wa Nakivale, na nyingine kama hizo kwa wasichana katika shule ya Maryhill, hapohapo Mbarara.